Blogu yako haisomwi? Tuitafute hitilafu ilipo

Mtu akinipigia simu kutoka Wete au Mwera akaniambia "blogu yangu imekufa", humuuliza kwanza: imekufia wapi? Msomaji ana milango minne ya kupita. Blogu iweze kufunguka. Aweze kuiona hata kama hakujui. Akiifungua aisome. Akishasoma, arudi. Wengi wanaoniita huwa wameshabadilisha rangi, wameshabadilisha themu (mpangilio wa sura ya blogu), wengine wameshabadilisha hata jina, na mlango uliofungwa bado haujaguswa.

Fundi wa umeme mzuri habomoi ukuta kabla hajatazama kama umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, umekwisha. Hapa nimefuata mwendo huo huo. Kila tatizo nimeliandika kama watu wanavyolisema, na nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote, chukua simu ya mtu mwingine, ya dada yako au jirani, yenye laini ya kampuni nyingine, na ufungue blogu yako humo. Simu yako inakujua. Umeingia kwenye akaunti, picha zimeshahifadhiwa ndani, na kila kitu kinafunguka haraka. Nusu ya matatizo utayaona hapo hapo ukiwa umekaa barazani.

"Haifunguki kabisa"

Ikifunguka kwenye simu ya jirani, blogu ni nzima. Angalia bando lako, futa kumbukumbu za brauza, kisha tazama tarehe ya simu. Usiidharau tarehe. Simu iliyokwisha chaji ikawaka na mwaka wa nyuma itakuambia tovuti si salama, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha.

Isipofunguka kwenye simu zote mbili, jaribu tovuti nyingine kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Siku kama ile mtu akianza kufuta plagini (programu ndogo zinazoongezwa kwenye blogu) na kubadilisha mipangilio, mtandao utarudi na yeye atabaki na blogu aliyoiharibu mwenyewe. Mtandao ukiwa mbovu, weka simu chini usubiri.

Tovuti nyingine zikifunguka na yako haifunguki, shuku malipo ya domeni, yaani jina la blogu yako mtandaoni. Jina hulipiwa kwa mwaka, na barua pepe ya kukumbusha huenda kwenye anwani uliyoandikisha. Hapa nina langu la kusimulia. Domeni yangu ya kwanza iliandikishwa na kijana aliyenitengenezea blogu, kwa barua pepe yake na kwa jina lake. Mwaka ulipokwisha, kumbusho zilikwenda kwake, naye alikuwa ameshabadilisha namba na kuhama. Mimi nilikuwa Chake Chake nikiandika makala ya kila Ijumaa kwenye nyumba ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Jina lile nililipoteza. Kwa hiyo leo hii, kabla hujaendelea kusoma, mwulize aliyekuandikishia: barua pepe gani iko kwenye akaunti ya domeni? Kama si yako, omba ibadilishwe wakati bado mnasalimiana. Majina ya .com yaliyokwisha muda huwa na siku 30 za kukombolewa kwa bei ya juu, kisha yeyote anaweza kuyachukua.

Kama jana ulibadilisha kampuni inayohifadhi blogu, au uliunganisha domeni mpya, subiri. Mabadiliko hayo huweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, na kwa muda huo rafiki yako wa Unguja anaweza kuiona na wewe usiione.

Mwisho ni plagini na themu, hasa kwa wanaotumia WordPress, programu ya kutengenezea blogu. Ukurasa ukiwa mweupe mtupu, jiulize ulifanya nini mara ya mwisho kabla ya hapo. Zima hicho ulichoongeza au kusasisha. Kisipokuwa hicho, zima plagini zote, kisha uziwashe moja moja ukifungua blogu kila mara.

*Simama hapa* ukiona ujumbe wa kushindwa kuunganishwa na hifadhidata, au maelekezo ya mtandaoni yakikutaka uhariri faili ambalo hulijui na huna nakala ya akiba. Andikia kampuni inayohifadhi blogu yako, uwatumie picha ya skrini na saa tatizo lilipoanza. Hiyo ni kazi unayowalipa.

"Miezi mitatu naandika, Google hainioni"

Andika kwenye Google site: ikifuatiwa na anwani ya blogu yako bila nafasi katikati. Kurasa zikijitokeza, Google inakujua, na tatizo lako liko kwenye kipengele kinachofuata. Kisipotokea kitu, endelea hapa.

Sababu ya kwanza ni swichi. Kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google, ndani ya mipangilio ya faragha, kuna pa kuruhusu blogu ionekane na injini za kutafuta. Kwenye WordPress, katika mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuzizuia. Wengi hukitia tiki wakati wa kujenga ili watu wasione kazi isiyokamilika, kisha husahau. Nimekikuta kwenye blogu iliyokuwa na makala zaidi ya arobaini, nzuri sana, kuhusu mwani wa Paje na Jambiani.

Ya pili, hujajitambulisha. Google Search Console, chombo kinachokuonesha jinsi blogu yako inavyoonekana kwenye Google, ni ya bure. Thibitisha kuwa blogu ni yako, weka ramani ya tovuti (orodha ya kurasa zako), halafu omba makala zako kubwa zikaguliwe. Baada ya hapo ni subira ya siku kadhaa, pengine wiki. Kuomba kila siku hakuharakishi.

Ya tatu inauma kidogo: makala si zako. Ukinakili habari neno kwa neno kutoka gazetini au kwenye kurasa za watu, Google huwa inaonesha ile inayoiona ni ya asili na yako inaiacha pembeni. Hapo hakuna ufundi wa kusaidia. Futa, uandike chako.

"Inaonekana, lakini hakuna anayebonyeza"

Hapa ndipo blogu nyingi za visiwani zinapokwama, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Fungua Search Console utazame maneno ambayo watu waliyaandika hadi makala yako ikatokea, mara ilizotokea, na mara iliyobonyezwa. Jedwali hilo lina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, hata wangu. Mimi ni mtu wa Pemba. Kwangu sokoni kuna tungule, mbatata, thomu, uzile na hiliki. Niliandika makala nikaiita "Mchuzi wa mbatata na tungule", nikaisubiri. Walionitafuta walikuwa watu wa nyumbani tu, wachache, na hao tayari wanajua kuupika. Msichana wa Dodoma au wa Nakuru anaandika viazi, nyanya, kitunguu saumu, bizari nyembamba, iliki. Sote tunazungumza Kiswahili, chungu ni kile kile, lakini Google haikutukutanisha.

Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini usanifu haukubeba kila neno la kapu letu. Kwa hiyo nikabadilisha kichwa: "Mchuzi wa viazi na nyanya, kama tunavyoupika Pemba". Aya ya kwanza nikasema wazi kwamba kwetu viazi huitwa mbatata na nyanya huitwa tungule, kisha makala nzima nikaendelea na maneno yangu. Anayetafuta ananipata, na akifika anakuta sauti ya kwetu. Fanya hivyo kwa skuli na shule, boflo na mkate, na kila neno unaloshuku. Lakini usiyasalimishe yote. Anayeandika urojo au mkate wa kumimina anatutafuta sisi kwa jina, naye umpe jina hilo hilo kwenye kichwa.

Sababu inayofuata ni kichwa kisichosema kitu. "Mawazo ya Jumapili" ni kichwa cha mtu ambaye tayari ana wasomaji. Andika kwenye Google mwanzo wa swali, "jinsi ya kupika", "nauli ya", "dalili za", kisha usibonyeze. Soma yale Google inayokupendekezea chini yake. Hayo ni maswali yanayoulizwa na watu kweli.

Kisha kuna kushindana na mkubwa. Ukiandika "Utalii Zanzibar" unapigana na kampuni za dunia nzima zenye watu wa kuajiriwa. Andika lile ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua: daladala la 116 la Nungwi linaanzia wapi siku hizi na la mwisho linaondoka saa ngapi, mtu akishuka bandarini Mkoani afanye nini ili afike Konde kabla ya magharibi, sherehe ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi mgeni avae vipi na akae wapi. Mwenye kampuni yuko London. Wewe uko kituoni, umeuliza kondakta. Ukiandika mambo kama haya weka tarehe ya siku uliyohakikisha, na urudi kuyasahihisha, kwa kuwa nauli iliyopitwa na wakati humvunjia mtu safari.

"Wanafungua na kuondoka hapo hapo"

Picha. Mara nyingi ni picha. Simu ya kawaida siku hizi hutoa picha ya MB 3 hadi 5. Makala ya mkate wa kumimina yenye picha 10 zilizopandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera inaweza kufika MB 40. Msomaji wako wa Micheweni aliyenunua bando la siku anaona duara linazunguka, anaona MB zinapungua, anafunga. Yuko sahihi kufunga. Punguza kila picha hadi upana wa pikseli 1200 kabla ya kuipandisha. Nyingi zitashuka chini ya KB 200, na makala nzima itakuwa kama MB 2. Kipimo changu ni rahisi: tazama kwenye mipangilio ya simu brauza imetumia data kiasi gani, fungua makala kwa mara ya kwanza kwenye simu hiyo, kisha tazama tena.

Baada ya picha ni utangulizi. Mtu amekuja kwa sababu mkate wake umekataa kutoa matundu na wageni wako njiani. Aya sita za historia ya nyumba ya bibi zinamchelewesha. Mwambie kwanza: tui likiwa moto mno hamira hufa, basi lisubiri lipoe hadi liwe vuguvugu. Habari za bibi, na mimi nazipenda, zije baadaye.

Yanayobaki ni madogo, lakini yapite moja moja: herufi ndogo, maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe ambayo hayasomeki juani, na visanduku vinavyoruka kumwomba mtu ajiunge kabla hajasoma mstari mmoja.

"Nikituma WhatsApp wanajibu mashaallah, hawafungui"

Wanakupenda. Lakini linki tupu haimwambii mtu kwa nini atumie bando lake. Toa mistari miwili kutoka ndani ya makala, yenye faida hata kwa asiyefungua, halafu uweke linki. Ule mstari wa tui na hamira hapo juu ulinifanyia kazi kuliko "Makala mpya iko hewani" zote nilizowahi kutuma.

Sababu ya pili ni kutuma kwa watu wasiohusika. Kundi la arusi si pa kutupia makala ya mbolea ya mikarafuu. Tafuta kundi dogo la wenye shughuli hiyo, uombe ruhusa kwa msimamizi, na ujibu maswali yao kwa wiki mbili tatu kabla hujaweka linki yako hata moja. Ukitumia orodha ya WhatsApp ya kuwapelekea wengi ujumbe kwa pamoja (broadcast), kumbuka inachukua watu 256, na asiyehifadhi namba yako hapokei ujumbe. Wengi hudhani wamepuuzwa kumbe ujumbe haukufika.

Kama linki inakuja bila picha wala kichwa, makala haina picha kuu iliyowekwa, au picha hiyo ni nzito. Irekebishe kisha ujitumie mwenyewe kwanza.

Wakati nao una mchango wake. Kwangu mimi baada ya isha ndiyo saa ya kusomwa. Ramadhani mambo hugeuka: wanaotafuta mapishi ya futari huja kuanzia adhuhuri hadi laasiri, jioni hakuna mtu. Na makala za Ramadhani ziandike Shaabani, ili Google iwe imeshazijua mwezi unapoandama.

"Siku ya kwanza watu mia mbili, sasa watano"

Kwanza hakikisha wale mia mbili ni watu. Kwenye mipangilio ya takwimu ondoa ziara zako mwenyewe. Ukihariri makala ukaifungua mara thelathini, thelathini hizo zinahesabika. Wengine ni ndugu waliokuja kukupongeza, na kupongeza ni mara moja.

Halafu tazama kama msomaji ana sababu ya kurudi. Makala moja ya upishi, moja ya mpira, moja ya simu mpya: aliyependa ya kwanza hana cha kusubiri. Chagua jambo moja ulifuate hadi makala 20. Weka siku yako, hata kama ni moja kwa wiki mbili, na uishike. Mwisho wa kila makala muunganishe msomaji na nyingine inayoendeleza jambo lile lile. Mpe na pa kukufuata. Watu wetu wengi hawafungui barua pepe, kwa hiyo chaneli ya WhatsApp huleta wengi, lakini anza pia orodha ya barua pepe, hata ya watu 15. Chaneli ni nyumba ya kupanga. Orodha unaweza kuhama nayo.

Na jibu maoni. Mama mmoja aliniuliza kama unga wa mchele wa dukani unafaa badala ya mchele wa kuloweka na kusaga. Swali lake likawa makala, na makala hiyo inasomwa mpaka leo.

"Matangazo wamenikataa" au "pesa haiji"

Google AdSense, huduma inayoweka matangazo kwenye blogu na kukulipa, hukataa zaidi blogu yenye makala chache, yenye vitu vya kunakili, au isiyo na kurasa za msingi: wewe ni nani, unapatikana vipi, taarifa za wasomaji unazifanyia nini. Tengeneza hayo, uandike zaidi, uombe tena.

Ukikubaliwa na pesa haiji, angalia kiwango. Hulipwi kabla ya kufikisha dola 100. Ukifikisha dola 10 hutumiwa namba ya uhakiki kwa barua ya posta, na hapa ndipo wengi wetu huishia, kwa kuwa wameandika "karibu na msikiti, nyumba ya kijani". Tumia S.L.P. yako, ya skuli au ya ofisi iliyokubali kukupokelea, na jina liwe lile lile la kitambulisho na la benki. Barua inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Usibonyeze matangazo yako mwenyewe, na uwakataze wanao na wadogo zako wanaotaka kukusaidia. Akaunti hufungwa kwa hilo, na kufunguliwa tena ni taabu.

"Siingii tena" au "kuna vitu si vyangu"

Nenosiri ulilosahau hurejeshwa kwa dakika chache kama namba ya simu iliyo kwenye akaunti bado ni yako. Laini usiyoitumia muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 nayo inaweza kufutwa. Ingia leo, hakiki namba, washa uthibitisho wa hatua mbili, pakua nakala ya blogu nzima uihifadhi nje ya simu.

Ukiona kurasa za kamari au maandishi ya lugha usiyoijua ndani ya blogu yako, fuata utaratibu huu, kwenye simu unayoiamini. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa kuwa anayeishika barua pepe anashika kila kitu. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Ndipo ubadilishe la blogu. Usianze kufuta vitu ovyo. Piga picha za skrini.

*Simama hapa, uite mtu*: kurasa zile zikirudi baada ya kuzifuta, kuna mlango ndani ya mafaili na unahitaji fundi wa tovuti au kampuni inayokuhifadhi. Anayekutaka pesa ili akurudishie akaunti usimlipe. Nenda polisi na picha zako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika.

"Nimepigiwa simu kuhusu nilichoandika"

Hili silitatui kwa makala, na wewe usilitatue kwa kufuta haraka usiku. Hifadhi nakala, mtafute wakili. Ila kuna mambo matatu ya kuyaweka sawa mapema. La kwanza ni leseni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na baadhi ya maudhui yanahitaji leseni. Nenda ofisini kwao na blogu yako mkononi, uulize kama unahitaji leseni, ya aina gani na kwa ada ipi ya sasa. La pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: majina, namba na barua pepe za wasomaji wako ni amana, usizigawe. La tatu ni picha za watu. Kabla sijapiga picha ya mwanamke anayevuna mwani au watoto wa chuoni, yaani madrasa, naomba. Kwa watoto naomba kwa mzazi na kwa maalimu, na ninamwonesha ile picha yenyewe kwenye simu kabla haijapanda. Bibi mmoja kule Kojani alinikatalia uso, akanikubalia mikono. Ile picha ya mikono ikawa ndiyo picha kuu ya makala.